Stesheni Ilianza Lini? Uchambuzi wa kisa cha kuandika historia ya kituo cha reli cha viungani

Usuli

Stesheni inayozungumziwa iko viungani mwa jiji moja la Kenya, kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Jina lake, umbali wake kwa maili na miaka yake yenyewe vimeondolewa. Miaka iliyoachwa humu ni ya historia ya reli kwa jumla. Ina jengo dogo la mawe ya kuchonga lenye paa la mabati, jukwaa moja, njia kuu, njia ya kupishania treni, na, kabla ya ukarabati, kipande cha reli ya pembeni kilichozama kwenye nyasi. Nyuma yake kuna nyumba ya stesheni masta na safu ya vyumba vya wafanyakazi wa njia.

Kituo kilikuwa kinakarabatiwa kwa ajili ya treni za abiria wa asubuhi na jioni. Ukutani ilitengwa nafasi ya kibao cha historia, na kamati ya wakazi ikaombwa ilete maneno yasiyozidi 60 pamoja na mwaka wa kuanzishwa. Kamati ikaunda timu ya watu wanne: mwalimu mstaafu wa historia, mpimaji ardhi, fundi wa njia aliyestaafu, na mwanafunzi wa utunzaji wa nyaraka. Walipewa wiki 10.

Mezani kulikuwa tayari na miaka minne tofauti. Wazee wa mtaa walisema kituo kilianza reli ilipopita, yaani 1899, kwa sababu reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei mwaka huo. Juu ya mlango wa jengo kulikuwa na mwaka uliochongwa, wa miongo kadhaa baadaye. Orodha ya mali za reli ilitaja mwaka wa tatu, wa baadaye zaidi. Na kwenye ubavu wa reli ya pembeni kulikuwa na chapa ya kiwanda yenye mwaka wa nne, ulioangukia kati ya 1899 na ule wa mlangoni. Baadhi ya wajumbe wa kamati walitaka mwaka wa zamani kuliko yote uandikwe, mambo yaishe.

Swali linabadilishwa

Uamuzi wa kwanza wa timu ndio uliokuwa na uzito kuliko yote yaliyofuata: waliacha kuuliza stesheni ilianza lini, wakauliza nini kilianza lini. Fundi mstaafu ndiye aliyelileta hilo. Kwenye njia moja, ambako treni za kwenda na za kurudi hutumia reli zile zile, stesheni haiwekwi kwanza kwa ajili ya abiria. Huwekwa ili treni mbili zipishane, na enzi ya mvuke pia ili injini inywe maji. Mahali panaweza kuwa na jina, njia ya kupishania, mtu wa kupokea na kutoa tokeni (kibali cha dereva kuingia kipande cha njia), na bado abiria asiruhusiwe kupanda hapo kwa miaka mingi. Kinyume chake kipo pia: treni husimama porini kuchukua watu, wakati hakuna jengo, jukwaa wala mfanyakazi.

Kwa hiyo daftari la timu likapewa safu tisa: reli kupita, ardhi kutengwa, njia ya kupishania kuwekwa, reli ya pembeni ya mizigo, treni ya kwanza kusimama kwa abiria, tiketi kuanza kuuzwa kituoni, jengo la kwanza, jengo lililopo, huduma kusitishwa na kurudi. Kila ushahidi uliopatikana uliingizwa kwenye safu moja tu. Usipoingia popote, ulibaki pembeni hadi ueleweke.

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika mno. Historia nyingi za vituo hueleza kufunguliwa kwa shangwe, kisha zikarukia ukarabati, kama vile katikati hakukuwa na miaka ambayo treni ya abiria haikusimama kabisa.

Kutafuta kwenye nyaraka

Siku za mwanzo kwenye hifadhi ya nyaraka hazikuzaa kitu. Mwanafunzi alitafuta jina la sasa la stesheni kwenye faharasa za Gazeti la Serikali, kwenye ramani na kwenye taarifa za mwaka za reli, akaambulia patupu hadi miaka ya karibu na uhuru. Kamati ikaanza kusema kumbe kituo ni kipya.

Kilichofungua mlango ni maili. Mpimaji alichukua umbali wa kituo kutoka pwani, akaugeuza kutoka kilomita kwenda maili (gawanya kwa 1.609), kisha wakapitia orodha za vituo kwa namba badala ya majina. Karibu kabisa na maili hiyo walikuta mahali penye jina jingine: jina la machimbo ya mawe yaliyokuwa jirani. Baada ya hapo jina lilibadilika mara mbili, na tahajia yake mara zaidi ya hizo. Wakitafuta kwa majina yote matatu, kila nyaraka iliyoonekana tupu ilianza kujibu.

Namba za maili nazo zina mitego. Orodha moja huhesabu kutoka bandarini na nyingine kutoka stesheni ya mjini, kwa hiyo tofauti ya maili mbili tatu si lazima iwe vituo viwili. Tena, maili ya stesheni hupimwa hadi mahali maalumu, kwa kawaida katikati ya jengo. Jengo likihama mita 200, namba hubadilika bila kituo kuhama. Timu ilithibitisha kwa kulinganisha na vituo viwili vya jirani: tofauti kati yao ilipobaki ile ile kwenye orodha zote, walijua wako mahali pamoja.

Nyaraka zilizotoa majibu zaidi zilikuwa ratiba, na hapa kuna jambo la kuzingatia. Reli huwa na ratiba mbili. Ya umma ni ile anayopewa msafiri. Ya kazi ni ya dereva, gadi na stesheni masta, nayo huonyesha kila mahali treni inapoweza kupishana au kusimama, hata pasipo na abiria. Kituo chetu kilionekana kwenye ratiba ya kazi miaka kumi na kadhaa kabla ya kutajwa kwenye ya umma. Anayesoma ya umma peke yake atasema kituo hakikuwepo. Anayesoma ya kazi peke yake atasema abiria walipanda tangu siku ya kwanza. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Gazeti la Serikali lilisaidia kwa ardhi na kwa nauli. Lakini lilianza kuchapishwa mwishoni mwa 1899, miezi kadhaa baada ya reli kufika Nairobi, kwa hiyo ukimya wake kuhusu miezi ya kabla ya hapo hauthibitishi chochote. Taarifa za mwaka nazo zilihitaji uangalifu: katika miaka ya mwanzo serikali ya kikoloni ilihesabu mwaka wake kuanzia Aprili hadi Machi. Kazi iliyoripotiwa chini ya “1912–13” inaweza kuwa ya mwaka wowote kati ya hiyo miwili, na timu iliandika hivyo hivyo bila kuchagua mmoja.

Ushahidi mdogo uliokuwa na nguvu kubwa ulikuwa tiketi ya kadi iliyotunzwa na familia moja. Ilichapishwa jina la kituo upande wa kuanzia safari. Tiketi yenye jina la kituo kama mwisho wa safari huonyesha tu kwamba treni ilisimama. Yenye jina lake kama mwanzo huonyesha kwamba kulikuwa na dirisha, karani na hesabu za fedha.

Yaliyosomwa kwenye chuma na mawe

Kabla ya kukanyaga njia timu iliomba kibali, ikapewa mlinzi wa kuangalia treni, na kazi yote ikafanywa katika pengo la ratiba. Ombi la kuchimba shimo la majaribio kwenye jukwaa lilikataliwa, na kwa haki, maana udongo ukilegea kando ya njia inayotumika treni hulazimika kupunguzwa mwendo. Badala yake walitumia mahali ambapo mkandarasi alikuwa tayari amekata mtaro wa maji. Pale ubavu wa jukwaa ulionekana wazi: changarawe iliyoshindiliwa chini kabisa, safu ya mawe juu yake, kisha zege. Majukwaa matatu, moja juu ya jingine.

Kimo cha jukwaa wengi hukipima kutoka juu ya reli, nao wanakosea. Kila njia inapotengenezwa upya huongezwa kokoto, na reli hupanda. Baada ya miongo kadhaa jukwaa ambalo halijaguswa litaonekana limekuwa fupi. Mpimaji alitumia alama isiyosogea kwenye msingi wa jengo, akapima kutoka hapo kila tabaka la jukwaa na reli yenyewe. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba jukwaa la pili lilikuwa na kimo cha kutosha kwa reli ya zamani, na kwamba zege liliongezwa kwa sababu jukwaa lilikuwa limeanza kuachwa chini na njia iliyoinuliwa.

Chapa kwenye reli ya pembeni ilisomwa hivi: kutu ikafutwa kwa brashi laini (brashi ya waya hung’oa kingo za herufi), tochi ikamulikwa kutoka ubavuni ili herufi zitupe kivuli, ikapigwa picha pamoja na rula, kisha karatasi ikawekwa juu na kusuguliwa kwa penseli. Chapa za aina hii kwa kawaida hutaja kiwanda, uzito na mwaka. Reli ilikuwa ya ratili 50 kwa yadi, kama kilo 25 kwa mita, uzito ule ule uliotumika njia ilipojengwa mara ya kwanza.

Hapa kamati ilishangilia mapema. Mwaka wa chapa ni mwaka ambao chuma kilipita kwenye kinu, si mwaka kilipolazwa hapo. Njia kuu ilipobadilishiwa reli nzito zaidi, zile nyepesi hazikutupwa: zilishushwa kwenye njia za pembeni, ambako treni huenda polepole. Reli ya pembeni ya stesheni yoyote inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko stesheni yenyewe. Chapa huweka ukomo wa chini tu: reli haikuweza kulazwa kabla ya mwaka huo.

Herufi za shirika zilisaidia kwa namna hiyo hiyo. UR ni ya Uganda Railway; KUR (Kenya and Uganda Railway) ilikuja katika miaka ya 1920; EAR&H (East African Railways and Harbours) ni ya kuanzia 1948 reli za Afrika Mashariki zilipounganishwa; shirika likaundwa upya 1969; na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 Kenya ikawa na shirika lake kuanzia 1978. Kufuli, taa, sefu na mataruma ya chuma vyote vilikuwa na herufi. Lakini vitu hivyo husafiri. Kufuli la EAR&H lilikuwa bado linafunga stoo kituoni, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Mwaka uliochongwa juu ya mlango ulihitaji jicho la fundi mwashi. Jiwe lenyewe lilikuwa la rangi tofauti kidogo na jirani zake, na saruji iliyolizunguka ilikuwa mpya kuliko ya ukuta. Kwenye nyumba ya stesheni masta kulikuwa na pengo lililozibwa juu ya mlango, upana wake ukilingana na jiwe hilo kwa tofauti ya milimita chache. Timu ikahitimisha kwamba huenda jiwe lilihamishwa kutoka kwenye nyumba, na mwaka wake ukabaki pembeni ya safu tisa kama mwaka wa makazi ya wafanyakazi, ukiwekewa alama ya kutokuwa na uhakika.

Mahojiano

Walihojiwa wazee kumi na wawili: waliowahi kufanya kazi relini, akina mama waliouza chakula jukwaani, na waliosafiri kwenda shule. Kuuliza “ilikuwa mwaka gani?” hakukufaa. Kilichofaa ni kushikiza kumbukumbu kwenye matukio: kabla au baada ya uhuru wa Desemba 1963, kuvunjika kwa Jumuiya, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Swali lililozaa kuliko yote lilikuwa dogo sana: “Mzee, nauli ulimlipa nani?” Waliojibu kwamba walimlipa gadi ndani ya behewa walikuwa wanaeleza kituo kisicho na karani. Waliosema walilipa dirishani walikuwa wanaeleza kipindi kingine. Mpaka kati ya makundi hayo mawili ulikubaliana na ile tiketi ya kadi.

Saa zilileta vurugu ya wiki nzima. Mama aliyesema treni ya saa moja asubuhi alimaanisha 07:00 ya kwenye ratiba, lakini mwanafunzi aliyenukuu mazungumzo aliandika 1:00. Hilo lilirekebishwa haraka. Gumu zaidi lilikuwa kwa wastaafu wa reli, ambao kazini walizoea saa za ratiba na nyumbani saa za Kiswahili, na wakati mwingine walichanganya katika sentensi moja. “Saa saba” ya gadi mstaafu inaweza kuwa 07:00 au 13:00. Dawa ilikuwa kuuliza hali: taa za behewa zilikuwa zimewashwa? Watoto walikuwa wanaenda shule au wanarudi? Tena, kwa sehemu ya enzi ya ukoloni Kenya ilitumia saa iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si tatu. Anayelinganisha ratiba ya zamani na maelezo ya macheo ya leo anaweza kukosea kwa robo saa.

Maamuzi na sababu zake

Timu ilipendekeza kibao kisiwe na mwaka mmoja. Kamati ilipinga: wageni hupenda mwaka mmoja, na kituo jirani kilikuwa tayari kimejiandikia 1899. Hoja iliyowashawishi haikuwa ya kitaaluma. Ilikuwa kwamba mtu yeyote mwenye nakala ya ratiba ya zamani angeweza kuwaumbua hadharani, na kibao cha chuma hakifutiki kwa urahisi.

Maneno yaliyokubaliwa, miaka yake ikiwa imeondolewa, yalikuwa haya:

“Reli ilipita hapa mwaka A. Njia ya kupishania treni iliwekwa kufikia B, ikiitwa kwa jina la machimbo ya jirani. Abiria wanaonekana kwenye ratiba ya umma kuanzia C. Tiketi ziliuzwa hapa kufikia D. Jengo hili la mawe lilijengwa kati ya E na F. Treni za abiria zilisita, zikarudi mwaka G.”

Maneno mawili madogo ndiyo yaliyojadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote: “kufikia” na “kuanzia”. Kufikia B humaanisha ushahidi wa kwanza ni wa B lakini jambo linaweza kuwa la kabla ya hapo. Kuanzia C hutumika pale tu ambapo ratiba iliyotangulia ilionekana na kituo hakimo. Tofauti hiyo ni halali na haichukui nafasi kwenye kibao.

Kuhusu kusitishwa kwa huduma, timu ilikataa kuandika tarehe. Huduma za viungani mara nyingi hazifungwi kwa tangazo: treni ya jioni hufutwa kwanza, kisha ya asubuhi hukosa injini siku mbili kwa wiki, kisha haiji tena, huku ratiba ikiendelea kuchapishwa. Walichoandika kwenye faili ni tarehe ya mauzo ya mwisho ya tiketi yaliyothibitishwa.

Matokeo

Kibao kiliwekwa ndani ya muda. Miezi michache baadaye msomaji mmoja alileta ratiba ya kazi ya kipindi cha kabla ya C, yenye alama ya kusimama kwa ombi la abiria. Neno “kuanzia” lilikuwa limefungwa kwenye “ratiba ya umma”, kwa hiyo kibao kilibaki sahihi. Faili peke yake ndilo lililoongezewa mstari.

Jiwe la juu ya mlango liliachwa mahali pake. Fundi wa ukarabati alitaka kulirudisha kwenye nyumba. Timu ilikataa, kwa kuwa kuhamishwa kwake nako ni sehemu ya historia ya jengo.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Kutafuta kwa maili kuliokoa kazi yote, na kungeweza kufanywa siku ya kwanza. Anayeanza historia ya kituo chochote cha zamani aandike kwanza umbali wake, vituo viwili vya jirani na umbali wao, ndipo afungue faharasa. Majina ya vituo vya viungani hubadilika kuliko ya vituo vikubwa, kwa sababu kiunga chenyewe hukua na kuchukua jina jipya baada ya reli kufika.

Safu tisa nazo zilifaa, ingawa zilikuwa na dosari: safu ya maji ya injini haikuwemo. Tangi lilikuwa limeshaondolewa na hakuna aliyeuliza. Misingi yake minne ya zege ilionekana mwishoni kabisa, ikitumiwa kama viti vya mama mboga, na swali la kama kituo kilianza kwa ajili ya maji lilibaki bila kufuatiliwa.

Kwenye mahojiano, kosa lilikuwa kuwakutanisha wazee wanne mara moja. Aliyekuwa na cheo kikubwa zaidi relini alisema mwaka, na wengine watatu wakaukubali kwa heshima. Walipohojiwa tena mmoja mmoja, wawili walitoa maelezo tofauti, na ndiyo yaliyolingana na nyaraka. Mahojiano ya pamoja yafuate ya mmoja mmoja, si kuyatangulia.

Picha za zamani zilikusanywa vibaya. Familia zilituma picha kwa simu, upande wa mbele tu. Mgongo wa picha ndio wenye muhuri wa studio, maandishi ya mkono na wakati mwingine tarehe. Kurudi nyumba kwa nyumba kuuomba kulichukua muda ambao ungetumika kwa ratiba.

Hasara isiyorekebishika ilikuwa ya reli yenyewe. Mkataba wa ukarabati ulihesabu reli ya pembeni kama chuma chakavu. Timu ilipiga picha chapa za upande mmoja, ikapanga kurudi kwa upande wa pili na kwa mataruma, ikakuta lori limeshapakia. Kwa kituo kinachosubiri ukarabati, chuma kilicholala ndicho cha kuandikwa kwanza, kabla ya zabuni kutangazwa, kisha mahojiano, na nyaraka za hifadhini mwisho: hizo zitakuwepo hata mwakani. Timu ilifuata mpangilio wa kinyume kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Nakala za faili ziko sehemu tatu sasa: maktaba ya shule, ofisi ya kamati, na kwa msimamizi wa kituo. Yenye picha za chapa kwa ukubwa wake kamili ni ile ya shuleni tu.